Mkataba wa Tippu Tip na Mfalme Leopold: jina lilipovutwa, Kasongo ikawa tongo

Karibu na mji wa Kasongo kuna mahali panaitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipokuwa na nyumba na watu, kisha watu wakaondoka. Ndipo palipokuwa mji mkubwa wa Wangwana, kabla ya mji wa leo kujengwa mahali pengine. Watoto wa Kasongo na Kabambare husimuliwa anguko la mji ule kama habari ya vita: bunduki, mto, ngome, Wabelgiji na Waarabu. Lakini kabla ya vita palikuwa na karatasi. Ilikuwa kontra kati ya mfanyabiashara na mfalme. Mfalme alitoa jina lake na bendera yake, na mfanyabiashara akafanya kazi chini ya jina hilo.

Leo biashara za namna hiyo ni nyingi. Mtu anafungua duka, depo au kibanda cha kutuma pesa chini ya jina la kampuni kubwa. Jina si lake, lakini jasho, wateja na deni ni vyake. Siku kampuni inaposema kazi imekwisha, anabaki na nini? Swali hilo liliulizwa Kasongo zaidi ya miaka 130 iliyopita, na likajibiwa kwa risasi.

Mtu na njia yake

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Alikuwa mtu wa misafara: nguo, shanga na bunduki kwenda bara, pembe za ndovu na watumwa kurudi pwani. Kufika Maniema hakuwa wa kwanza. Njia ya Ujiji, Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo na Nyangwe ilikuwa imekwisha kufunguliwa na wafanyabiashara wengine. David Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa risasi katika soko la Nyangwe.

Tippu Tip aliwapita wote kwa ukubwa. Katika Utetela alijitambulisha kuwa mjukuu wa ukoo wa sultani Kasongo Rushie kwa upande wa bibi yake, na mzee yule akamwachia utawala. Yaani hata mamlaka yake ya kwanza huku aliyapata kwa jina. Kutoka Kasongo alipanga watu wake: mwanawe Sefu, ndugu zake, washirika kama Rumaliza wa Ujiji, na wakubwa wa kienyeji kama Ngongo Lutete wa Ngandu, upande wa Lomami. Ngongo alikuwa amekulia katika utumwa, kisha akapanda kuwa mkuu wa vita. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, askari wake na hesabu yake ya pembe za kupeleka juu.

Karatasi ya Unguja, 24 Februari 1887

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalikubali Dola Huru ya Kongo, mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ramani ilimpa nchi mpaka Tanganyika. Lakini huku juu dola hiyo haikuwa na nguvu. Kituo chake cha Stanley Falls, mahali ulipo mji wa Kisangani, kiliachwa na kuchomwa moto mwaka 1886 baada ya ugomvi na watu wa Tippu Tip.

Mfalme hakuwa na jeshi la kutosha kurudi kwa nguvu, akatafuta mapatano. Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda kumwokoa Emin Pasha, na ndiye aliyeleta pendekezo. Tarehe 24 Februari 1887, mbele ya konseli wa Uingereza, Tippu Tip alitia sahihi. Siku iliyofuata alipanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka kusini mwa Afrika mpaka mlango wa mto Kongo, wakapanda mto.

Vifungu vilikuwa vichache. Tippu Tip anakuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, unaolipwa kwa wakala wake Unguja. Anapandisha bendera ya Dola na kulinda mamlaka yake juu ya mto mpaka Aruwimi. Anazuia watu wake na makabila mengine kuteka watumwa. Anampokea afisa wa Dola akae naye na kupeleka habari. Kwa biashara yake mwenyewe iliyo halali anabaki huru, na misafara yake inaweza kwenda popote. Akisafiri anaweza kuweka mtu mahali pake, na mtu huyo atamrithi akifa, lakini mfalme ana haki ya kumkataa. Mwisho, mapatano yanadumu muda wote ambao Tippu Tip au mwakilishi wake anatimiza masharti.

Kifungu hicho cha mwisho kinasema Tippu Tip akishindwa, mkataba umekwisha. Hakisemi kitu juu ya mfalme akishindwa. Hakuna miaka iliyohesabiwa. Hakuna taarifa ya kumpa mtu kabla ya kumwondoa. Haikuandikwa ni nani atakayeamua kama masharti yametimizwa, wala pembe zilizo ghalani, deni zilizo njiani na vituo vilivyojengwa vitakuwa vya nani siku ya kuachana. Mlango wa kuingia ulielezwa vizuri. Mlango wa kutoka haukuwekwa.

Tippu Tip hakuwa mjinga wa biashara. Alijua hesabu, alijua mikopo ya Wahindi wa Unguja, alijua bei ya pembe. Inawezekana aliona kwamba nguvu iko kwake: bendera ni ya mfalme, lakini bunduki za juu ya mto ni zake. Mwaka 1887 hesabu hiyo ilikuwa kweli. Kosa la hesabu kama hiyo ni kwamba mwenye jina anaweza kukua huku mwingine akimfanyia kazi.

Sheria ambayo Dola yenyewe iliandika

Tarehe 30 Julai 1888, miezi 17 tu baada ya karatasi ya Unguja, Dola Huru ya Kongo ilitoa dekreti juu ya mikataba na wajibu. Kifungu chake cha 33 kinasema, kwa maana yake, kwamba mapatano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa waliyoyafunga. Hayavunjwi ila kwa kukubaliana wote wawili au kwa sababu iliyowekwa na sheria. Na lazima yatekelezwe kwa nia njema.

Dekreti hiyo haikufa na Leopold. Ilipita wakati wa ukoloni, ikapita uhuru na Zaire, na mpaka leo ni sehemu ya kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo. Mfalme aliyeitangaza sheria hiyo ndiye ambaye, katika miaka michache tu, aliachana na wali wake bila kuifuata.

Jina laanza kuvutwa

Kwanza Dola ilijenga nguvu pembeni. Kambi ya Basoko iliwekwa kwenye mdomo wa Aruwimi, mahali penyewe ambapo eneo la wali lilikoma. Mwaka 1890 likaja boma la Lusambo upande wa Kasai. Kisha ikaja zamu ya bidhaa. Mapatano ya Berlin ya 1885 yaliahidi biashara huru kwa watu wote katika bonde la Kongo. Lakini kwa dekreti ya siri ya Septemba 1891, mfalme aliwaagiza maafisa wake wa kaskazini wahakikishe pembe na mpira wa misitu vinakuwa mali ya Dola. Msafara wa Van Kerckhoven, uliokwenda Uele, uliwanyang'anya wafanyabiashara Waarabu pembe zao njiani.

Mkataba wa 1887 ulikuwa umemwachia Tippu Tip biashara yake. Sasa mwenye jina alikuwa amekuwa mshindani wake, tena mshindani mwenye askari.

Haki lazima isemwe kwa pande zote mbili. Utekaji wa watumwa haukukoma chini ya bendera ya wali. Vijiji viliendelea kuchomwa Lomami na kwingineko, na Dola ilipolalamika ilikuwa na ushahidi. Lakini Dola haikupeleka lalamiko hilo mbele ya mwamuzi yeyote, kwa maana hapakuwa na mwamuzi aliyeandikwa. Kila upande ulijihukumia mwenyewe kwamba mwenzake amevunja.

Kesi iliyofika kortini ilimwelekea Tippu Tip. Stanley alimshitaki Unguja kwamba hakuleta wapagazi aliowaahidi kwa ajili ya safari ya Emin Pasha, na akataka fedha zake zilizokuwa pwani zizuiwe. Wali akateremka kwenda pwani. Alifika Unguja mwaka 1891 na hakurudi tena Maniema. Stanley Falls alimwacha Rashid, mtoto wa ndugu yake. Kasongo alimwacha Sefu.

Ngongo Lutete abadili bwana

Jina kubwa linapoanza kuvutwa, wale walio chini wanatikisika kwanza. Ngongo Lutete alikuwa anapeleka pembe Kasongo, lakini hakuwa na karatasi hata ya kurasa moja. Mwaka 1892 alipigana na askari wa Dola waliokuwa chini ya Francis Dhanis, akashindwa, na Septemba mwaka ule akafanya amani nao. Aliuacha upande wa Sefu, akaenda upande wa Bula Matari.

Kwa Sefu hilo lilikuwa wizi. Ngongo alikuwa mtu wa nyumba yao, na eneo lake lilikuwa sehemu ya mali yao. Alidai arudishwe. Mikononi mwake Kasongo walikuwapo maafisa wawili wa Dola, Lippens na De Bruyne, waliokuwa pale kwa sababu ya mapatano yale yale. Dhanis alikataa. Sefu akavuka na jeshi lake kwenda Lomami, akashindwa mwezi wa Novemba. Mwezi wa Desemba 1892 Lippens na De Bruyne waliuawa Kasongo. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena juu ya vifungu.

Ngongo alilipwa nini kwa kubadili bwana? Watu wake waliibeba vita ya Dola mpaka Nyangwe na Kasongo. Tarehe 15 Septemba 1893, maafisa wa Dola wenyewe wakampiga risasi Ngandu, baada ya kumshitaki kwa uhaini katika kesi ya haraka. Aliacha mkataba usioandikwa akaingia mwingine usioandikwa, na wa pili ulidumu mwaka mmoja. Askari wengi waliokuwa wake hawakusahau. Mwaka 1895 waliasi Luluabourg, na kifo cha Ngongo kilikuwa mojawapo ya sababu zao. Uasi ule na mingine iliyofuata ulifika mpaka Kabambare mwaka 1898.

Kasongo yaanguka

Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893. Kasongo ikafuata tarehe 22 Aprili 1893, miaka sita na miezi miwili tangu sahihi ya Unguja. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, aliandika juu ya mali waliyoikuta: maghala ya chakula yaliyojaa, vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, bustani zenye miti ya matunda. Watu walikuwa wamekimbia kwa haraka na kuacha kila kitu.

Hakuna aliyehesabu mali hiyo kwa ajili ya kumlipa mtu. Hakuna aliyetenganisha pembe za Sefu, mchele wa mkulima na godoro la mjane. Sefu alipigana tena na kufa kwa majeraha upande wa mto Luama mwezi wa Oktoba 1893. Januari 1894 Kabambare nayo ikatekwa, na Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani ng'ambo ya ziwa. Tippu Tip alizisikia habari hizo akiwa Unguja. Huko alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na huko alikufa mwezi wa Juni 1905.

Wale ambao hawakuulizwa

Si lazima mtu wa Maniema amlilie wali wa Stanley Falls. Babu zetu wengi hawakuwa upande wowote wa karatasi ile. Walikuwa ndani yake kama bidhaa: waliokamatwa, waliobeba pembe, waliolima mchele wa mji. Mfalme na mfanyabiashara waligawana haki ya kutawala Wakusu, Watetela, Wabangubangu, Wazimba na wengine bila kumuuliza hata mmoja wao.

Na mkataba ulipokufa, hao ndio waliolipa zaidi. Waliokuwa wapagazi wa Waarabu wakawa wapagazi wa jeshi. Waliokuwa wanatoa pembe Kasongo wakaambiwa watoe kwa posti ya Dola. Vijiji vya njia ya Kabambare vilipitiwa na jeshi la Dhanis, na la Rumaliza, kisha na waasi. Mkubwa akiachana na mkubwa bila utaratibu, mdogo aliye chini yao anapoteza shamba, nyumba na mwaka wa mavuno. Familia zilizohama vijiji vyao katika miaka hii hazihitaji kitabu ili kulielewa neno hilo.

Haki iliyopo leo

Tofauti kati ya Sefu na mwenye duka wa leo ni kwamba mwenye duka ana sheria ya kushika mkononi. Biashara chini ya jina la mwingine, ile ambayo Wafaransa huita franshizi, haina sura yake peke yake katika sheria za OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, ambazo zinatumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012. Kwa hiyo mengi yanategemea kile kilichoandikwa. Lakini si yote.

Kwanza, kifungu cha 33 cha 1888 bado kipo. Kampuni haiwezi kuvunja kabla ya wakati mkataba wenye muda kamili kwa sababu tu imechoka, kama sheria au mkataba wenyewe haukuiruhusu.

Pili, wakala wa biashara anayejitegemea, anayefanya mapatano na wateja kwa niaba ya kampuni, ana ulinzi wake. Kama mkataba hauna mwisho uliopangwa, lazima apewe taarifa: mwezi mmoja katika mwaka wa kwanza, miezi miwili katika wa pili, miezi mitatu kuanzia wa tatu. Mkataba ukikatizwa bila kosa kubwa la kwake, na si yeye aliyeuacha, anaweza kudai malipo ya fidia. Lakini lazima aijulishe kampuni kwamba anadai kabla ya mwaka mmoja kwisha. Akinyamaza mwaka mzima, haki imekwenda.

Tatu, nyumba ya biashara. Mwenye kupanga duka na kufanya kazi ndani yake miaka miwili amepata haki ya kuomba mkataba wa upangaji ufanywe upya. Kama mkataba una mwisho, ombi lifike miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Mwenye nyumba akikataa bila sababu ambayo sheria inaikubali, anadaiwa fidia. Kwa hiyo hata jina la kampuni likiondolewa mlangoni, mlango wenyewe unaweza kubaki.

Nne, vita. Sheria ile ile ya kiraia inasema mtu aliyezuiwa kutimiza wajibu wake na nguvu kubwa isiyozuilika hadaiwi fidia kwa kutoutimiza. Aliyefunga duka kwa sababu risasi zililia kijijini hakufanya kosa la biashara. Inambidi tu aweze kuonyesha alikimbia lini na kwa nini, na aijulishe kampuni mapema iwezekanavyo.

Zaidi ya hapo, yale yaliyokosekana Unguja mwaka 1887 ndiyo ya kudai kabla ya kutia sahihi. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kila upande ukivunja, itakuwaje? Taarifa ya kuachana ni ya siku ngapi, nayo iandikwe? Bidhaa zilizobaki na garanti iliyowekwa vitarudi kwa nani? Nani ataamua tukigombana? Na kama kuna mtu anafanya kazi chini yako, kama Ngongo chini ya Sefu, naye apewe karatasi yake.

Karatasi hiyo isibaki dukani. Piga picha yake kwa simu, na nakala moja aishike ndugu anayekaa mji mwingine. Nyumba inaweza kugeuka tongo kwa usiku mmoja, na siku ya kurudi, mwenye karatasi ndiye atakayeulizwa ni nini kilikuwa chake.